Leso Niliyomfungia Mtoto wa Watu

Muscat,
Ijumaa, mchana.

Mwanangu mpenzi Mghoi,

Kama barua hii imekukuta umesimama, keti kwanza, tena kwenye kile kiti chenye mgongo, miguu uiweke juu ya stuli. Haya, umeketi? Hujambo mama? Miguu imepunguza kuvimba? Mtoto anacheza? Kliniki wanasemaje? Na joto la hapo Kaloleni, Voi, linakuachaje na hilo tumbo? Mkwe wangu Mwadime hajambo, anakuchotea maji au anangoja mpaka aambiwe? Mimi huku mwili ni mzima, nashukuru Mungu. Nakula, nalala, hata nimenenepa mashavu. Hayo mengine utayasoma mbele.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi siku hizi kama tuko zama za nyanya yako. Lakini nikipiga simu hushiki, na ujumbe naona unausoma, zile alama mbili zinageuka buluu, halafu kimya. Wiki ya tano sasa. Nikasema, basi, karatasi haina alama. Utaisoma au utaitupa, mimi sitajua, na labda kwa sababu sitajua ndiyo nitaweza kusema yote.

Anayekuletea ni Mwanaisha, yule mama wa Maungu ambaye mumewe ana duka la vipuri vya malori kando ya barabara. Alikuwa anafanya kazi nyumba ya tatu kutoka hapa na mkataba wake umeisha. Mpe chai, usimwachilie aende na njaa. Atakuambia mimi ni mtu wa kujisifu. Juzi nilikuwa namweleza vile huku mtaani wote wananijua, akaniangalia akacheka, akasema, "Mama Mghoi, wewe hata siku ya kiama ukiulizwa dhambi zako utaanza na sifa." Nikamwambia, "Na nisipozisema mimi, nani atazisema, wewe?" Tukacheka mpaka machozi. Sasa naye anaenda, na hapa sina tena mtu wa kucheka naye kwa Kiswahili.

Huo mfuko aliokupa, usiufungue bado. Soma kwanza.

Nataka nikueleze kuhusu neno moja la Kiingereza, maana ndilo lililonipeleka pabaya.

Unajua Madam na mimi tunaongea Kiingereza, kwa sababu Kiarabu changu kinaishia kwa salamu na majina ya mboga. Mtoto wake, Rayan, alizaliwa kabla ya siku zake. Walipomleta kutoka hospitali alikuwa mdogo jamani, nilimbeba nikaona hafikii hata pakiti moja ya unga. Siku hiyohiyo Madam akabandika karatasi kwenye friji, kazi za mtoto kwa saa zake. Saa mbili kuoga. Na chini yake, saa mbili na nusu, ameandika swaddle. Basi. Hakuna maelezo.

Mimi nilisoma mpaka darasa la nane na nikapita vizuri, hilo unalijua, nimekuambia mara nyingi. Wrap ninaijua, cover ninaijua. Lakini hiyo sikuwahi kukutana nayo, na kumuuliza Madam siku ya kwanza ya mtoto sikutaka, asije akafikiri ameacha mwanawe na mtu asiyejua. Nikaingia chumbani kwangu nikatoa ile kamusi yako, uliyonipa siku ile stendi ya Voi ukasema, "Mama, ukikwama, fungua." Bado ina karatasi ya kaki niliyoifunikia ukiwa kidato cha pili, na jina lako umeliandika kwenye ukingo wa kurasa kwa kalamu nyekundu. Kila nikiifunga naona jina lako. Nikatafuta, nikapata. Inasema ni kumviringishia mtoto mchanga nguo, imshike sawasawa, asifurukute, apate joto na utulivu.

Mghoi, nilicheka peke yangu chumbani. Kumbe ndiyo hiyo tu! Kitu nilichokifanya mimi kabla Madam hajaota meno, ila sikujua Wazungu wamekitafutia neno lake. Na wamelitunza vizuri, si la kutupatupa. Siku moja nilikuwa nafunga mkate kwa kitambaa usikauke, nikamwambia Madam, I swaddle the bread. Akacheka akashika meza. Akanieleza pole pole: mkate ni wrap, sufuria ni cover, na hiyo nyingine ni ya mtoto mchanga peke yake, tena kwa muda mfupi tu, akikua basi. Nikapenda sana, kwamba kuna neno zima limewekewa mtoto mchanga. Nikawa nalisema kutwa. Nimem-swaddle. Naenda kum-swaddle. Mwanaisha alikuwa ananikuta getini ananiambia, "Haya, profesa, umeshamfunga huyo mtoto?"

Sasa nakuja kwa leso.

Unaijua historia yake lakini nitairudia, kwa sababu hata mtoto wako atakuja kuiuliza. Nilipokuwa na mimba yako, nyanya yako alinunua pea ya leso sokoni Taveta, ya kahawia yenye maua ya manjano. Hakunipa. Alizivaa yeye mwenyewe kule Njukini, shambani, sokoni, kanisani, akazifua na kuzifua mpaka maandishi yakafutika na kitambaa kikawa laini kama ngozi ya sikio. Nilimuuliza, "Mama, mbona unamchakazia mjukuu nguo?" Akaniambia, "Mtoto hapokewi na nguo ya duka. Anapokewa na nguo inayojua watu." Ulipozaliwa akakufunga na kipande kimoja, na kile cha pili akanifunga mimi tumbo kwa mikono yake, siku arobaini, kila asubuhi, akinikaza mpaka nasema mama naumia, naye anasema, "Umia kidogo, usimame wima maisha yako yote." Na nimesimama wima, au sivyo? Ni mwanamke gani wa umri wangu pale Kaloleni ana mgongo kama wangu?

Hata ile Krismasi uliyokuwa Mariamu kanisani, una miaka minane, ulikataa shuka ya kwaya ukaja kuomba leso yako umfungie yule mwanasesere wa mtoto Yesu. Na ulimfunga vizuri kuliko watoto wote waliowahi kuwa Mariamu kanisa lile. Mchungaji mwenyewe alisema.

Nilipokuja huku nilichukua kile kipande kilichokufunga wewe. Sikukuambia, nilikichomeka tu katikati ya nguo. Sikukichukua kwa ajili ya mtoto wa mtu. Nilikichukua kwa ajili yangu. Miezi ya kwanza nilikuwa nakitandika juu ya mto, naweka shavu. Hata ungenicheka.

Basi Rayan alipokuja, Madam alikuwa amenunua vitambaa vyake vya kumfungia, vyeupe, vya bei, vinateleza kama samaki. Namfunga, anafurukuta, mkono umetoka, mguu umetoka, analia, anageuka rangi. Siku ya tatu nikachoka. Nikaenda chumbani nikaleta leso. Nikamfunga vile nyanya yako alivyokufunga. Mghoi, alinyamaza hapo hapo, akanitazama, akalala masaa matatu. Madam akaja kwa vidole vya miguu, akaangalia, akaniuliza, "Mama, umemfanya nini?" Nikamjibu, I swaddled him.

Tangu hapo, mimi ndiye niliyekuwa mwenye nyumba. Dada zake Madam walikuja kunitazama namfunga mtoto, wamekaa kwenye sofa kama wanaangalia sinema. Mmoja akaleta na wake. Wanasema hakuna kama mimi, na kusema kweli hakuna. Nikapiga picha, nikaiweka status, nikaandika kwa Kiingereza chini yake kwamba hakuna anayejua ku-swaddle kama Mama Mghoi. Watu wakanipongeza. Mama yako mdogo Wakio akaniletea mioyo kumi kutoka Njukini, na wewe unajua vile Wakio ni mchoyo wa mioyo.

Na wewe ukaandika maneno manne. "Hiyo ni leso yangu."

Sikukujibu siku hiyo. Nilikasirika. Nikasema, huyu mtoto badala ya kuona kazi ya mamake anaona kitambaa. Kesho yake nikaitazama ile picha tena, na nikaona ulichokiona. Ukiwa na tumbo lako, umekaa Kaloleni bila mimi, unafungua simu unakuta mama yako anacheka na mtoto wa watu, amelala ndani ya nguo yako. Na nilikuwa nacheka kweli. Ile picha sikuigiza.

Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni hili, na ndilo nililokaa kuandika tangu walipotoka kwenda msikitini.

Nilikuambia Madam amenikatalia likizo. Nilikuambia kwa simu, kabla ya hiyo picha, na wewe ukalia, ukasema hawa watu hawana roho, ukamsema Madam maneno, nami nikakuacha umseme. Mghoi, Madam hakunikatalia. Ni yeye aliyenikumbusha. Alikuja jikoni na tiketi ndani ya simu, akanionyesha tarehe, akasema, "Mama, nenda ukamwone binti yako, mtoto wa kwanza si mchezo. Dada yangu atakuja kunisaidia." Akanishika bega kabisa. Mtu ambaye umemlaani bure ni huyo.

Dada yake akaja kujifunza, wiki moja kabla ya safari yangu. Adhuhuri hiyo mimi nilikuwa jikoni namenya vitunguu. Nikamsikia anajaribu kumfunga Rayan, mtoto analia. Anajaribu tena, analia zaidi. Madam naye anajaribu, ndiyo kabisa. Na mimi, mwanangu, nilisimama pale na kisu mkononi, na nilifurahi. Nakuambia ukweli. Nilifurahi kusikia mtoto mchanga analia kwa sababu anayemfunga sio mimi. Nikasema moyoni, mmeona? Nikanawa mikono taratibu, sikuharakisha, nikaenda, nikamfunga kwa leso yako, akanyamaza. Wale wanawake wawili wakanitazama kama mimi ni daktari. Na kabla hata sijafikiri, mdomo ukasema, Madam, sitaenda, nitabaki na mtoto.

Hakuniomba. Nataka ulijue hilo. Hakuna aliyeniomba.

Nilijidanganya kwamba wewe una watu. Una Mwadime, una Mama Saida mlango wa pili, una mama yako mdogo. Na huyu hana mtu ila mimi. Mtu mwenye mama yake mzazi ndani ya nyumba, mimi nikamwona hana mtu! Sifa ni kitu kibaya, Mghoi. Zinakufunga macho vizuri kuliko leso.

Sasa sikiliza mwisho wake. Wiki tatu zilizopita, asubuhi, namlaza Rayan juu ya kitanda nimtandikie, nageuka kuchukua leso, narudi nakuta amejipindua. Amelala kifudifudi, ameinua kichwa, ananicheka. Nikamwita Madam kwa furaha. Akaja, akampiga picha, akapiga makofi, halafu akaniambia, "Mama, basi sasa. Mtoto akishajipindua hafungwi tena, ni hatari." Akaifuta ile saa mbili na nusu kwenye karatasi ya friji kwa kalamu. Akamvalisha nguo ya kulalia yenye zipu, akamlaza chali, akafunga pazia. Mimi nilisimama mlangoni na leso juu ya mkono, nangoja alie.

Hakulia. Alilala mwenyewe.

Nikarudi chumbani kwangu. Nikakaa. Nikafungua kamusi, sijui nilikuwa natafuta nini, nikaifunga, nikaona jina lako kwa ile kalamu nyekundu. Hapo ndipo nilipolia mimi.

Nimemwomba Madam ile likizo tena. Safari hii alikataa kweli, wala simlaumu. Dada yake ameshaondoka, na wao wana safari yao. Sasa ni mpaka mkataba uishe, mwakani. Wakati huo mtoto wako atakuwa anatembea, ataniona ataenda kujificha nyuma yako. Na utamwambia, "Huyu ni nyanya," naye ataangalia viatu vyangu.

Nyumba hii ni kubwa, ina vyumba ambavyo hakuna mtu anayeingia ila mimi na kitambaa cha vumbi. Siku ya Ijumaa kama leo wote wanatoka, nasikia tu mashine ya kupoza hewa. Nikiongea, naongea na sufuria. Zamani nilikuwa naongea na wewe kwa simu nikipika, nakuweka pale karibu na chumvi, unaniambia maharagwe ya Njukini yameshuka bei, Mama Saida amegombana na mwenye nyumba, treni imechelewa. Sikujua kwamba hiyo ndiyo ilikuwa inanishikilia.

Sasa fungua mfuko.

Nimeirudisha. Nimeifua mara saba kwa sabuni ya kipande, si hii ya mashine yenye manukato, ili isikuletee harufu ya nyumba ya watu. Halafu nimeivaa mwenyewe siku kumi mfululizo nikifanya kazi, kama nyanya yako alivyofanya, ili ikufikie ikinijua mimi. Mwanaisha ananiuliza, "Unafanya nini na leso moja kila siku, huna nyingine?" Nikamwambia ninayo kazi yake.

Ile ya pili, pacha wake, iko kwenye sanduku la buluu chini ya kitanda changu, ndani ya foronya. Ufunguo uko kwa Mama Saida. Hiyo haijamgusa mtoto wa mtu yeyote. Kama moyo wako hautaki hii niliyokutumia imguse mjukuu wangu, sitabisha, mfunge na ile ya sandukuni. Lakini hii, tafadhali, usiitupe. Ukishajifungua, Mama Saida akufunge nayo tumbo. Anajua, amefunga wanawake wengi pale mtaani. Mwambie akaze kama nyanya yako alivyonikaza mimi. Ilikuwa mikono yangu ifanye kazi hiyo na mikono yangu niliiazimisha kwingine. Basi angalau nguo ifike. Ilikuwa yako kabla ya kuwa ya mtu mwingine, na wewe bado ni mtoto wangu hata ukinyamaza miaka.

Utaona nimetia uzi mwekundu kwenye pembe moja ya leso. Hapo ndipo kichwa kinakaa, ukiamua. Kunja hiyo pembe ndani kidogo, mlaze mtoto chali, mabega yawe sawa na mkunjo. Upande wa kushoto uvuke kifua, uchomekwe chini ya mgongo. Pindo la chini lipande juu, lakini miguu iachie nafasi, ijikunje kama chura. Halafu upande wa kulia uzunguke wote. Kiganja chako kipite kati ya leso na kifua chake, kisipopita umekaza mno. Na Voi si Muscat, hakuna mashine ya baridi hapo kwako, kwa hiyo leso moja tu, na adhuhuri mfungue kabisa apate hewa. Siku akijipindua, basi, uache. Usifanye kama mimi, kusimama mlangoni.

Nisalimie mkwe wangu Mwadime, na umwambie namtegemea kwa hayo maji. Mama yako mdogo Wakio wa Njukini, mwambie aje mapema na unga wa wimbi, asingoje aambiwe ni mvulana au msichana. Jirani yetu Mama Saida, mshike mkono kwa niaba yangu, yeye sasa ndiye mama yako mpaka mimi nirudi. Kwaya ya akina mama wajue kwamba sauti ya tatu bado ni yangu, wasimpe mtu.

Sikuombi unipigie. Sikuombi hata ujibu. Ila kuna kitu kimoja sijakuambia kuhusu kukufunga, na Mama Saida hakijui, nyanya yako alikwenda nacho na sasa ninacho mimi peke yangu. Ulikuwa hulali ukifungwa mikono yote miwili. Ulikuwa unalia mpaka tunaacha mkono mmoja nje, wa kulia. Nao ulikuwa unapapasa hewani, unapapasa, mpaka ushike kidole cha mtu. Ukishakishika unalala. Kama mtoto atalia na hujui kwa nini, jaribu hivyo. Toa mkono mmoja, mpe kidole chako, na usikiondoe, hata kama kuna kitu jikoni kinaungua.

Ni mimi mama yako niliyekuzaa,
Mama Mghoi.